Shangazi wa Chuma

Gari lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba wazimamoto wa Haselkirchen walilisukuma katikati ya meza yao ya bia na kabati la mipira ya maji, na bado mtu mnene angeweza kupita. Lilikaa juu ya kitoroli cha chuma, pua ukutani, likidondosha tope la rangi ya kahawa. Magurudumu matatu. Kiti kimoja mbele na kimoja nyuma yake, kama watu wawili waliopanda pikipiki moja kisha mtu akawahurumia na kuwafunika kwa bakuli la kioo.

Gundula Pointner wa upelelezi wa Landshut alilizunguka mara ya tatu, mikono mgongoni. Katika kazi yake alikwisha kuona magari yaliyoungua, yaliyopigwa risasi, na moja lililoangukiwa na ng'ombe. Hili lilimfanya anong'one, na hakujua kwa nini.

"Usiguse hapo!" sauti ikapaa kutoka mlangoni. Kisha ikashuka. "Samahani, Inspekta. Mazoea mabaya. Gusa tu, gari ni lako, yaani la serikali."

Huyo alikuwa Daktari Leitgeb, mganga wa meno na mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Zeisl, vigari vya aina hii vilivyotengenezwa humu mjini. Alikuwa na Zeisl tisa na mke mmoja, na mke alizoea kujitambulisha kuwa ni wa kumi.

"Daktari, niambie ninachokiona," Gundula akasema. "Taratibu, kama vile mimi ndiye mwenye jino bovu."

"Unaona muujiza," akasema Leitgeb, wala hakuwa akitania.

Kwenye benchi la wazimamoto alikuwa ameketi Burgl Kagerer, bibi wa miaka sabini na kitu, mkoba magotini, amevaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa akilitazama lile gari kama mtu anayemtazama jamaa asiyekumbuka sura yake.

Kiangazi kile mvua iligoma. Ziwa la machimbo ya kokoto nje ya mji likashuka, likashuka tena, mpaka mtu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaona mgongo wa kitu kama kobe. Ndani mlikuwa na mifupa ya mtu mmoja. Maabara ya Munich iliilinganisha na mate ya Burgl, na jibu lilikuja Jumatatu: ni baba yake, Xaver Kagerer, fundi umeme wa kiwanda cha Hirnböck, aliyepotea siku ya Mtakatifu Leonhard, mlinzi wa farasi, Novemba ya mwaka hamsini na sita.

Tatizo ni kwamba Haselkirchen nzima ilikwisha kujua Xaver alikokwenda. Alikimbilia Mashariki, kwa Wakomunisti, ndani ya gari la kiwanda, na michoro ya stata mpya chini ya koti lake. Ndivyo alivyosema mzee Hirnböck mwenye kiwanda, na neno la mtu anayelisha nyumba mia tatu haliwekwi kwenye mizani. Burgl alikwenda shule akiwa mtoto wa mwizi. Aliolewa mji wa pili, akafiwa na mume, akarudi akiwa bado mtoto wa mwizi. Mama yake alizikwa chini ya jiwe ambalo nusu yake ya kulia iliachwa tupu.

Jumapili hii mji ungesherehekea Zeisl. Mbele ya kanisa lilikwisha kutundikwa bamba la shaba, limefunikwa shuka, lenye majina ya watu wote waliowahi kufanya kazi kiwandani, hadi wapishi na wafagiaji. Wote isipokuwa mmoja.

"Endelea, Daktari," akasema Gundula.

"Baada ya vita, hawa akina Hirnböck walikuwa watu wa mizani," Leitgeb akaanza, na sauti yake ikawa ya mtu anayesoma Injili. "Mizani ya mabucha, ya vinu vya nafaka, ya posta. Watu hawakuwa na hela ya gari, Inspekta. Mtu alitaka tu asinyeshewe akienda kazini. Basi hawa wakachukua magurudumu ya toroli, injini ya pikipiki, na plastiki angavu iliyobaki ghalani, ile ya kufunikia marubani. Bodi je? Wapi mashine ya kukandamiza bati? Hawakuwa nayo. Walikuwa na mafundi wa kugonga sahani za mizani. Weka mkono hapa. Weka tu."

Gundula akaweka kiganja juu ya madigadi. Chini ya tope bati lilikuwa limepinda laini, bila ukingo, bila kosa.

"Hiyo ni sahani ya mizani ya bucha," akasema Leitgeb. "Zaidi ya magari elfu kumi na moja, mwaka hamsini na tatu hadi sitini na moja, na kila moja limegongwa kwa nyundo ya mbao juu ya gunia la mchanga. Leseni ya pikipiki ilitosha kuliendesha. Mapadri walilipenda. Wakunga walilipenda. Lilikuwa na aibu moja tu."

"Aibu gani?"

"Halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Ukifika mwisho wa barabara unashuka, unainua mkia, unaligeuza kwa mikono. Padri mmoja alilibana pua na ubavu kwenye kona ya gereji yake, akashindwa kufungua kifuniko, akakaa humo mpaka misa ikaanza bila yeye."

Mzimamoto mmoja akacheka. Burgl hakucheka. Leitgeb akainama ndani na tochi yake ndogo ya kuchunguzia meno, akafuta tope mahali pa ufunguo kwa leso yake mwenyewe. Kisha akanyamaza, na kwa Leitgeb kunyamaza ilikuwa dalili ya ugonjwa.

"Nini?"

"Ufunguo umezama mpaka mwisho. Na gia..." Akapapasa. "Gia iko ya nne. Njoo nje, Inspekta. Nikikueleza kwa mdomo hutaniamini."

*

Uani alikuwa ameegesha Zeisl yake mwenyewe, ya kijani cha mnanaa, iliyong'arishwa hadi ndege wakajiona. Leitgeb akafungua kuba kwa ubavu, akatumbukia ndani na tai yake, akawasha. Injini ikacheka kicheko cha cherehani. Akaenda mbele mita chache, akasimama, akazima.

"Sasa tazama mkono wangu!"

Akausukuma ufunguo ndani zaidi, mpaka ukalia *tak*. Akawasha tena. Sauti ilikuwa ileile, lakini gari likatetemeka kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, likaanza kwenda kinyumenyume. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne! Daktari wa meno akazunguka ua mzima wa wazimamoto kinyumenyume, kwa kasi ya gari liendalo mbele, tai begani, kichwa kimepinda hadi shingo ikawa nyekundu. Wazimamoto wakapiga makofi. Gundula alijikuta mdomo wazi.

"Yesu na Maria," akasema. "Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu! Injini hii inayokunywa petroli na oili pamoja haijali izungukie upande gani. Stata ikiizungusha kulia, gari linakwenda mbele. Ikiizungusha kushoto, gari zima linakwenda nyuma na gia zote nne. Kila mtengeneza magari duniani aliongeza gia moja. Hawa hawakuwa na nafasi ya kuiweka, wakaona basi, tuigeuze injini yenyewe. Watu wa mizani, Inspekta! Watu waliokuwa wakipima soseji!"

Gundula hakuwa mtu wa kushikwa na mambo ya mashine. Gari lake mwenyewe hakujua lina silinda ngapi. Lakini alisimama pale na nywele za mikono zimemsimama. Kitu kilichohitaji akili ya kiwanda kikubwa kilikuwa kimetoka katika karakana ya nyuma ya bucha, katika mji ambao treni haisimami. Aliona fahari, ingawa hakuwa na haki nayo.

"Na aliyeubuni mtambo huu?"

"Mzee Hirnböck, imeandikwa kila mahali. Ulianza kuuzwa Jumapili ya Matawi, mwaka hamsini na saba, na ukakiokoa kiwanda, maana..." Leitgeb akakatika. Akageuza macho kuelekea mlango wa jumba, ambako gari la tope lilikuwa likidondosha. "Hapana. Haiwezekani."

"Sema."

"Xaver alipotea Novemba hamsini na sita. Ufunguo wa kuzama hatua mbili ulitoka miezi mitano baadaye. Huyu mtu amekufa ndani ya gari ambalo halijatengenezwa bado."

Burgl alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija.

"Kwa hiyo alirudi?" akauliza. "Ndicho mnachosema? Alikimbia, halafu akarudi kuiba na gari jipya?"

"Mama Kagerer, sijasema..."

"Watasema. Kabla ya chakula cha mchana watakuwa wamesema." Akabana mkoba wake. "Marehemu mama aliniambia: usichonge jina lake jiweni mpaka wajue. Wao, siyo wewe. Jumapili wanavua ile shuka, Inspekta. Nikifa mimi hakuna wa kumtetea tena."

Jambo baya zaidi lilikuwa bado katika taarifa ambayo Gundula aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lile lililozama, nyuma ya mifupa, palikuwa na donge la chuma lenye masikio mawili, zito kama mtu mzima, limefungwa kwa mkanda wa ngozi. Alipoliona mara ya kwanza aliandika: *uzito wa kuzamishia*. Mtu aliyejifungia chuma ili asielee. Mwizi aliyerudi, dhamiri ikamshika, akajitosa. Hadithi ilikaa sawasawa kama soksi mguuni.

Ila ile gia ya nne ilimsumbua. Nani anajiua kinyumenyume, tena kwa kasi yote?

*

Akarudi ndani peke yake, akapiga magoti kwenye tope, na goti lake la kushoto likalalamika. Akaangaza tochi chini ya kiti cha nyuma.

Mkanda ulipita juu ya bomba la fremu. Pale ulipokazwa, bomba lilikuwa na mfereji, umelika taratibu, wa kutosha kulaza kidole. Na upande wa ndani wa mkanda wenyewe, mahali hasa ulipokutana na chuma, palikuwa na kiraka. Kiraka cha ngozi, kimeshonwa mishono ya karibu karibu, ya mtu aliyeketi kwenye mwanga mzuri bila haraka.

Gundula akakaa chini kabisa, sketi na tope na yote. Mtu anayetaka kufa hashonei mkanda wake kiraka. Donge lile lilikuwa limesafiri katika kiti kile siku nyingi, kwenda na kurudi, mpaka mkanda ukalika na mtu akauhurumia.

"Daktari!" akaita. "Gari jipya la kiwanda likibuniwa, stata mpya kwa mfano, wanaijaribia kwenye bodi gani?"

"Kwenye bodi ya zamani iliyopo. Nani atapoteza bodi mpya kwa..." Leitgeb akafika mbio, akapiga magoti pembeni yake, akatazama madigadi, akatazama taa, akajipiga paji la uso. "Mimi ni punda! Hii ni bodi ya mwaka hamsini na tano! Niliiona asubuhi, nikadhani ni masalia ya karakana. Stata mpya ndani ya bodi kuukuu. Hii si moja ya zilizouzwa. Hii ni ya kwanza! Inspekta, hii ndiyo ya kwanza ya zote!" Akavua miwani, machozi yanamtoka waziwazi. "Nimeitafuta tangu nikiwa chuoni. Nilijua lazima ilikuwepo."

"Na alikuwa nayo Xaver, kabla ya mtu yeyote duniani."

"Basi ni yeye aliyeibuni," akasema mganga wa meno polepole.

"Majaribio ya magari yalikuwa chini ya nani?"

"Chini ya Ludwig, mtoto wa mzee Hirnböck. Alikuwa kijana wa miaka ishirini. Yuko hai, kule juu ya kiwanda. Ndiye atakayevua shuka Jumapili."

Gundula akasimama kwa kumshika daktari bega. "Nahitaji wazimamoto wawili wenye migongo mizuri."

*

Ludwig Hirnböck alipokea wageni chini ya mzabibu uliotambaa ukutani, mbele yake ubao wa mbao, mkate mweusi, glasi ya bia na figili nyeupe kubwa. Alikuwa akiikata figili kwa mtindo wa kwao, kisu kikizunguka polepole mpaka figili ikawa utepe mmoja mrefu usiokatika. Kwa umri wake, zaidi ya miaka themanini na mitano, mkono haukutikisika hata kidogo.

"Keti, mama, kula," akasema. "Polisi wa siku hizi wembamba mno."

"Ahsante, Bwana Hirnböck. Xaver Kagerer aliondoka na nini siku ile?"

"Moja kwa moja! Hata bia hujaonja." Kisu kiliendelea kuzunguka. "Aliondoka na gari la kiwanda na michoro ya baba yangu. Nimelisema hili tangu mwaka hamsini na sita. Nimechoka nalo."

"Gari lilikuwa tupu?"

"Tupu. Umeona wapi mwizi akibeba mizigo ya ziada?"

"Nani alimwona?"

"Hakuna. Siku ya Leonhard, mama. Mji mzima uko kwenye baraka ya farasi. Hata paka wamekwenda."

"Nawe ulikwenda?"

"Nami nilikwenda. Kila mtu alikwenda."

"Vizuri," akasema Gundula, akageukia lango. "Leteni!"

Wazimamoto wawili wakaingia wakiwa wamebeba donge la chuma kati yao, migongo imepinda, nyuso nyekundu. Mmoja akajikwaa kwenye jiwe la ngazi, donge likayumba.

"Magoti, nyie mabwege!" Ludwig akafoka, amenyanyuka nusu kitini. "Kwa magoti! Mwenye sikio la kulia anatangulia, wa kushoto anafuata. Mtamdondoshea mtu mguuni! Hivyo ndivyo mnavyombeba Shangazi?"

Utepe wa figili ulikuwa umekatika.

Gundula alivuta kiti, akaketi, akajimiminia bia ambayo hakuwa na hamu nayo.

"Shangazi," akasema.

Mzee alilitazama donge. Wazimamoto walikuwa wamelitua kwenye mawe, masikio mawili juu, mhuri wa kiwanda ubavuni. Likafanana kweli na mama mnene aliyechoka.

"Jiwe la kupimia mizani ya vinu," akasema mwishowe. "Lilikuwa na uzito wa abiria. Hakuna gari lililotoka getini kujaribiwa bila Shangazi kiti cha nyuma. Ilikuwa sheria. Asubuhi watu waliulizana: Shangazi kaamka? Shangazi kapanda?"

"Kwa hiyo gari halikuwa tupu."

"Labda Xaver alimsahau ndani."

"Kilo sabini na tano, kwenye gari lisiloweza kupanda kilima cha kanisa bila kukohoa? Mtu anakimbilia mpakani, na anamsahau Shangazi?" Gundula akaweka glasi chini. "Umewaona hawa vijana wawili wakitokwa jasho. Donge lina masikio mawili. Linapandishwa juu ya ukingo wa gari, chini ya kuba. Mtu mmoja hawezi. Xaver alishika sikio moja, Bwana Hirnböck. Lile jingine alishika nani?"

Ludwig akakaa. Alikaa kidogo kidogo, kama kiti kimeshuka chini yake.

"Mji mzima ulikuwa kwenye farasi," Gundula akaongeza. "Mji mzima kasoro wawili."

Ndani ya nyumba mtu alifunga dirisha. Mzee aliweka kisu sambamba na ubao, akakisawazisha tena.

"Baba alitaka kulionyesha gari mchana ule ule, mbele ya kanisa," akasema. "Farasi wangepita, kisha Zeisl ingepita, ikisimama mbele ya Mtakatifu ingerudi nyuma kwa gia zote nne, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme bila kumpa kisogo. Ndivyo alivyotaka. Akasema jaribuni asubuhi, ziwani, ile barabara ni nyoofu. Mpaka gia ya nne."

"Kulikuwa na ukungu?"

"Ulikuwa mzito mno. Na Shangazi akikaa nyuma, dereva haoni kitu kupitia kioo cha nyuma. Ukirudi kinyumenyume unamtazama mtu aliyesimama mbele yako na taa. Taa ikienda kulia, unapinda hivi. Ikienda kushoto, hivi. Humtazami mwingine. Ndivyo tulivyofanya kazi, sisi wawili. Yeye alikuwa mikono, mimi macho."

Gundula akaisogeza bia kando.

"Akaingiza ya kwanza, ya pili. Ilikuwa nzuri, mama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Taa mbili zinakwenda mbali nami kwenye ukungu, laini, na injini inaimba. Nilicheka kwa sauti. Ya tatu. Ya nne! Nikajua tumeweza. Halafu kengele za farasi zikaanza kule juu. Farasi sitini wanashuka kwa pamoja." Akageuza kichwa kidogo. "Nikageuka kutazama."

"Na taa mkononi."

"Nikageuka na taa mkononi. Naye akaifuata. Alikuwa anaifuata mara zote, hakuwahi kuuliza. Nilipotazama tena, zile taa za gari zilikuwa zinanikodolea mimi, ziko kando ya barabara, juu kidogo, halafu chini. Zilinitazama chini ya maji. Kisha zikazimika."

Mzimamoto mmoja alivua kofia.

"Na michoro?" Gundula akauliza, taratibu.

"Michoro gani? Xaver hakuwahi kuchora kitu. Aliisokota ile stata kwa vidole, mimi nikimshikia waya. Ndiyo maana ilinichukua mpaka Jumapili ya Matawi kuisokota nyingine. Baba akasema: wauzaji wakisikia gari limemuua aliyelitengeneza, nyumba mia tatu zitakula nini? Akasema mfu haoni haya. Akasema mengi." Akautazama ule utepe uliokatika. "Nilikuwa na miaka ishirini. Baadaye nikawa na thelathini. Baadaye hamsini. Sikuwa na udhuru tena, na bado sikusema."

"Sheria haina la kukufanya, Bwana Hirnböck. Imepita miaka mingi mno."

"Najua. Niliuliza zamani."

"Lakini kule chini kuna mtu amevaa koti la Jumapili."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Kisha akatafuta fimbo yake.

*

Walipoingia kwenye jumba la wazimamoto, Burgl alikuwa palepale kwenye benchi. Leitgeb alikuwa ameketi karibu naye na alikuwa akimweleza, kwa mikono yote miwili, jinsi waya wa shaba unavyosokotwa. Alipomwona Ludwig akasimama.

Ludwig alisema yote akiwa amesimama. Alikataa kiti. Hakupunguza kitu, wala hakulaumu ukungu, wala hakumtaja baba yake zaidi ya mara moja.

Burgl alisikiliza mpaka mwisho. Gundula aliogopa angelia au angempiga mtu. Hakufanya hivyo.

"Nilikuwa na miaka mitano," akasema. "Nilikuwa kwenye farasi. Baba aliniahidi nitaona kitu ambacho hakuna mtoto mwingine duniani aliyewahi kukiona. Nikangoja. Farasi wote wakapita, mama akaniambia twende, nikakataa." Akamtazama Gundula. "Walisema alitupa kisogo. Kila mtu alisema hivyo, hata padri."

"Alikuwa akirudi nyuma," akasema Gundula. "Pua ya gari ilielekea huku, mjini. Ndivyo tulivyolikuta ziwani, uso ufukweni. Alikuwa anatazama nyumbani mpaka mwisho."

Burgl akaligeukia gari. Alilitazama kwa muda, pua ile ya bati iliyosukumwa ukutani kati ya meza na mipira ya maji.

"Basi kwa nini mmeliweka hivi?" akauliza. "Ligeuzeni."

Wazimamoto wakajongea. Burgl akainua mkono, wakasimama. Alikwenda mwenyewe, koti la Jumapili likifagia tope, akashika ncha moja ya kitoroli. Kisha akamtazama mzee Hirnböck.

"Siku ile ulishika sikio la pili," akasema. "Shika tena."

Ludwig aliiegemeza fimbo yake kwenye kabati. Akakamata upande wake, akikunja magoti kama alivyowafokea wale vijana, na Gundula akamwona Leitgeb akitaka kusaidia, akamkamata koti. Gari lilikuwa jepesi, kama walivyolikusudia wale watu wa mizani. Kitoroli kililia, kikasita, kikazunguka. Pua ikaacha ukuta, ikapita meza ya bia, ikaelekea mlango uliokuwa wazi, na nje ya mlango kulikuwa na barabara, na mwisho wa barabara kanisa, na mbele ya kanisa kitu cha shaba chini ya shuka.

"Mwite mchonga mawe, Inspekta," akasema Burgl, akihema. "Mwambie alete patasi mbili. Ya jiwe na ya shaba."